Hukumu imetolewa bila mimi kuwapo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutengua hukumu ya upande mmoja

Majibu haya yanahusu mashauri ya madai Tanzania Bara, hasa katika mahakama za wilaya, mahakama za hakimu mkazi na Mahakama Kuu. Kenya ina swali lake huko chini. Zanzibar ina sheria zake za mwenendo wa madai, kwa hiyo mwenye kesi Unguja au Pemba asichukue namba za vifungu zilizomo humu.

Hukumu ya upande mmoja ni ipi?

Ni hukumu iliyotolewa baada ya mahakama kumsikiliza mdai peke yake, mdaiwa akiwa hakufika au hakuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Watu wengi hudhani ukikosekana umeshindwa papo hapo. Sivyo. Mdai bado anatakiwa kuthibitisha madai yake. Anasimama kizimbani, anatoa mkataba au risiti zake, analeta shahidi kama anaye. Tofauti ni kwamba hakuna wa kumhoji, kwa hiyo jambo ambalo lingechukua mwaka linaweza kumalizika asubuhi moja.

Kuna njia mbili za kufikia huko, na ni lazima ujue yako ni ipi kwa sababu muda wake unatofautiana. Ya kwanza iko kwenye Amri ya VIII ("Amri" hapa ni fungu la kanuni ndani ya sheria, si amri ya hakimu) ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33: ulipewa wito, ukapaswa kuleta utetezi wa maandishi ndani ya siku 21, hukuleta. Ya pili iko kwenye Amri ya IX: shauri liliitwa kusikilizwa, wewe hukuwapo.

Sikujua lolote mpaka dalali wa mahakama alipofika nyumbani. Nianzie wapi?

Anzia kwenye karatasi aliyokuja nayo. Usimfukuze, usigombane naye. Nakili namba ya shauri, jina la mahakama, tarehe ya amri na jina la hakimu. Kisha nenda masjala ya mahakama hiyo, siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, ukaombe kukagua jalada.

Ukipewa jalada, usikimbilie kusoma hukumu. Tafuta kwanza hati ya kiapo ya aliyepeleka wito. Inaonyesha alikwenda lini, wapi, alimkuta nani, na ilikuwaje. Hapo ndipo maombi mengi ya kutengua hukumu yanaposhindia. Nimeona kiapo kinachosema mdaiwa "alikutwa nyumbani kwake Mbagala akakataa kupokea", wakati mdaiwa alikuwa amehamia Morogoro zaidi ya mwaka mmoja kabla. Nimeona pia wito uliosainiwa na mtu ambaye hakuna aliyemfahamu katika nyumba nzima. Angalia saini, jina la mpokeaji, namba ya simu, na kama kuna muhuri wa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji.

Baada ya hapo omba kwa barua nakala za hukumu, dikrii (hati ya amri inayotokana na hukumu) na mwenendo wa shauri (kumbukumbu za vikao). Barua igongwe muhuri wa kupokelewa, nawe ubaki na nakala yake. Siku moja muhuri huo utakusaidia kueleza muda wako ulikwenda wapi.

Si afadhali nikate rufaa moja kwa moja?

Inategemea unalalamikia nini. Sheria haikatazi rufaa dhidi ya dikrii iliyotolewa upande mmoja. Lakini kama kilio chako ni kwamba hukusikilizwa, hukupata wito, au ulikuwa na sababu ya kutofika, Mahakama ya Rufani imeshikilia mara nyingi kwamba urudi kwanza kwenye mahakama ileile iliyotoa hukumu ukaombe itenguliwe. Mahakama ya juu haina namna ya kujua kama siku ile ulikuwa umelazwa Muhimbili, kwa sababu jambo hilo halimo kwenye mwenendo wa shauri. Aliyeruka hatua hii hupoteza miezi akisubiri rufaa, kisha anaambiwa arudi chini, na huko chini muda umeshamwishia.

Rufaa ina maana kama huna ubishi na kutokuwapo kwako ila unasema hata huo ushahidi wa mdai peke yake haukutosha kumpa ushindi.

Nina siku ngapi?

Kwa hukumu ya Amri ya IX ni siku 30, kwa mujibu wa jedwali la Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inayoweka muda wa mwisho wa kupeleka mashauri na maombi mahakamani. Kwa hukumu iliyotolewa kwa kukosa utetezi wa maandishi chini ya Amri ya VIII ni siku 21 tangu tarehe ya hukumu. Zote ni siku za kalenda. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zimo, ingawa siku ya mwisho ikiangukia siku ambayo mahakama imefungwa unaweza kuwasilisha siku ya kazi inayofuata.

Kuhusu namba ya kanuni: katika toleo la sheria la 2002 maombi haya yalikuwa chini ya kanuni ya 13 ya Amri ya IX, katika toleo la 2019 yakawa kanuni ya 9. Fomu nyingi zinazouzwa nje ya mahakama bado zina namba ya zamani. Hakikisha unataja namba ya toleo linalotumika siku unayowasilisha maombi.

Siku 30 zimeshapita. Ndiyo basi?

Hapana, ila sasa una milima miwili. Kwanza unaomba kuongezewa muda chini ya kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo, na ukipewa ndipo unaomba kutengua hukumu. Hata aliyekuwa hajui kabisa kuhusu kesi yuko salama zaidi akipitia njia hii. Wapo wanaounganisha maombi yote mawili kwenye hati moja. Kuna mahakimu wanaokubali na wapo wanaoyatupa. Kuyatenganisha kunachelewesha, lakini hakukuachi mikono mitupu.

Vigezo vinavyotajwa kila mara vinatoka kwenye uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010: ueleze kipindi chote cha kuchelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, uonyeshe bidii badala ya uzembe, na kama ipo sababu nyingine nzito, kwa mfano uharamu unaoonekana wazi kwenye uamuzi wenyewe, uitaje. Mahakama hiyo imewahi kusema pia kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo.

Kwa hiyo kaa na kalenda. Tarehe 3 ulijua. Tarehe 4 ulikwenda masjala. Tarehe 6 uliandika barua ya kuomba nakala. Tarehe 19 ulipewa. Tarehe 20 hadi 24 wakili aliandaa maombi. Pengo la wiki mbili lisilo na maelezo linatosha kukuangusha hata kama hukumu yenyewe ilikuwa na kasoro.

Mahakama inakubali sababu zipi?

Sheria inasema "sababu ya kutosha" na haiorodheshi. Kuna mlango mmoja ulio wazi zaidi ya mingine yote: wito haukupelekwa ipasavyo. Ukithibitisha hilo, huhitaji sababu nyingine, maana huwezi kulaumiwa kwa kutofika mahali usipoitwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu kabla haki zake hazijaamuliwa, na majaji wanaitaja sana katika maombi haya.

Ugonjwa unakubalika ukiwa na karatasi zinazolingana na tarehe. Cheti kinachosema uliugua malaria Machi hakikusaidii kama shauri liliitwa Mei. Na ukiwa na cheti cha mapumziko ya siku tatu tu huku ulikosa vikao vitatu mfululizo, jiandae kuulizwa vikao vingine viwili vilikuwaje. Msiba unakubalika, hasa wa mtu wa karibu, ukiwa na kibali cha mazishi au barua ya serikali ya mtaa. Kukwama kwa usafiri, mafuriko na kufungwa kwa barabara vinasikilizwa, ila mahakama itataka kujua kwa nini hukupiga simu masjala wala kumtuma mtu.

Kukosea tarehe kunasikilizwa mara chache. Kuwa na shughuli nyingi, kusahau, au "nilidhani wataahirisha tu" ni sababu ambazo ningekushauri usiziandike kabisa.

Wito haukunifikia. Nithibitishe vipi jambo ambalo halikutokea?

Huthibitishi hewa, unavunja maelezo ya aliyesema alikuletea. Kama kiapo chake kinasema alikukuta Temeke tarehe 12, lete pasipoti yenye mihuri, mahudhurio ya kazini Mwanza, au mkataba wa pango unaoonyesha ulishahama. Kama kinasema mwenyekiti wa mtaa alishuhudia, nenda kamwone mwenyekiti. Akikana, usiandike kwenye kiapo chako kwamba "mwenyekiti ameniambia hakushuhudia", kwa sababu hayo ni maneno ya kusikia. Mwombe aape kiapo chake mwenyewe kiambatanishwe na maombi. Hatua hii ndogo inasahaulika kupita zote, hata na mawakili.

Angalia pia kama ulitangaziwa kwenye gazeti. Mdai akishindwa kukupata, mahakama inaweza kuruhusu wito ubandikwe mlangoni na mahakamani, au utangazwe gazetini. Wito wa namna hiyo una nguvu sawa na ule uliokabidhiwa mkononi, hata kama hujawahi kununua gazeti. Hapo swali linahamia kwingine: je, mdai alikuwa na haki ya kuomba njia hiyo, au alijua unapoishi na namba yako ya simu anayo, akaamua kukukwepa?

Nilikataa kusaini samansi. Si ina maana sikuipokea?

Hapana. Ukikataa, mpeleka wito anaacha nakala na kuapa kwamba ulikataa. Kwa sheria umeshapata wito. Imani hii ya kwamba kutosaini ni kinga imefanya nyumba za watu ziuzwe.

Wakili wangu ndiye hakufika. Nateseka kwa kosa lake?

Mara nyingi ndiyo, na jibu hili halipendezi. Mahakama zetu zimesema kwa miaka mingi kwamba uzembe wa wakili si sababu ya kutosha. Mteja anatarajiwa kufuatilia kesi yake mwenyewe. Kinachoweza kuokoa ni kuonyesha kwamba wewe ulifuatilia: ujumbe wa simu ukimuuliza tarehe, majibu yake kwamba "nitakujulisha", malipo uliyofanya. Na ikiwa wakili alikuwa mbele ya Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani siku hiyohiyo, hiyo ni hoja tofauti, inayokubalika ikithibitishwa kwa orodha ya mashauri ya siku hiyo na kama mahakama ya chini ilitaarifiwa.

Je, lazima nionyeshe kwamba nina utetezi wa maana?

Kanuni yenyewe ya Tanzania inauliza kuhusu wito na sababu ya kutofika. Haiulizi kama utashinda. Hata hivyo, weka aya mbili tatu za utetezi wako, mfano kwamba deni ulishalilipa na risiti hii hapa. Hakimu ni binadamu. Hapendi kufungua upya jalada kwa mtu asiye na la kusema. Kosa ni kugeuza kiapo kizima kuwa utetezi wa kesi na kusahau kueleza ulikuwa wapi siku ile.

Maombi yanaandikwaje?

Ni hati ya maombi inayotaja kifungu na unachoomba, ikiungwa mkono na hati ya kiapo. Yanawasilishwa kwenye mahakama iliyotoa hukumu, hata kama hakimu aliyeiandika amehamishwa. Siku hizi yanaingizwa kwa mfumo wa kielektroniki wa mahakama; asiye na wakili anaweza kuomba msaada masjala. Mdai lazima apewe nakala, maana hukumu haitenguliwi bila yeye kuitwa. Naye atajibu kwa kiapo kinzani.

Kiapo kizuri ni kifupi na kina tarehe. Kwa mfano:

*"3. Kwamba, kati ya tarehe 2 na tarehe 21 Mei nilikuwa nimelazwa hospitali ya mkoa kwa upasuaji wa mguu. Nakala ya karatasi ya kuruhusiwa imeambatanishwa kama kielelezo A.*

*4. Kwamba, shauri liliitwa kusikilizwa tarehe 14 Mei, siku ambayo nilikuwa bado wodini.*

*5. Kwamba, nilijua kuhusu hukumu tarehe 9 Juni, nilipopigiwa simu na mdai, na tarehe 10 Juni nilikwenda masjala kukagua jalada."*

Aya za namna hii zinampa hakimu kitu cha kushika. Aya inayosema "mdai ni mtu mwongo na mwenye tamaa" haimpi chochote, na inaweza kufutwa kwa kuwa ni hoja, si ukweli unaoufahamu mwenyewe.

Mali yangu inauzwa wiki ijayo. Maombi yatazuia mnada?

Kuwasilisha maombi peke yake hakusimamishi kukazwa kwa hukumu, yaani utekelezaji wake. Unatakiwa kuomba amri ya kusimamisha utekelezaji, chini ya hati ya dharura, ukieleza mnada ni lini na hasara gani haitafidika. Mahakama inaweza kudai dhamana. Amri ikitoka, mpelekee dalali nakala wewe mwenyewe na akusainie. Usimwachie karani.

Mali imeshauzwa.

Hapa mambo ni magumu. Hukumu ikitenguliwa unaweza kuomba kurejeshewa kilichochukuliwa, lakini aliyenunua mnadani kwa nia njema hulindwa sana na mahakama. Mara nyingi unachobaki nacho ni kumdai fedha aliyekushtaki.

Kesi bado inasikilizwa upande mmoja, hukumu haijatoka. Nifanye nini?

Wahi. Kinachotenguliwa hapo ni amri ya kusikiliza upande mmoja, jambo jepesi kuliko hukumu. Fika kwenye tarehe inayofuata, eleza sababu ya kukosekana, omba uruhusiwe kuendelea kana kwamba ulikuwapo.

Sikuambiwa hata tarehe ya kusomwa hukumu. Ni halali?

Ni kasoro kubwa. Katika shauri la Cosmas Construction dhidi ya Arrow Garments, lililoripotiwa mwaka 1992, Mahakama ya Rufani ilisema asiyehudhuria anajinyima nafasi ya kushiriki usikilizwaji, lakini adhabu yake inaishia hapo. Bado ana haki ya kujua matokeo, kwa hiyo lazima aarifiwe siku ya hukumu. Kagua jalada kama kuna taarifa yoyote uliyotumiwa kabla ya siku hiyo. Kama haipo, iwe aya yake kwenye kiapo chako. Inasaidia zaidi pale unapoomba kuongezewa muda.

Wakitengua, nimeshinda?

Umerudishiwa nafasi tu. Shauri linaanza pale ulipokosekana, na mdai anarudi na ushahidi wake, safari hii ukiwa mbele yake. Mahakama inaweza kukupa masharti: ulipe gharama za mdai, au uweke mahakamani sehemu ya fedha zinazodaiwa. Usipotimiza sharti ndani ya muda, hukumu inabaki palepale.

Wakikataa, una haki ya kukata rufaa dhidi ya kukataliwa huko chini ya Amri ya XL.

Mimi ni mdai. Kesi yangu ilifutwa kwa sababu sikufika.

Utaratibu unafanana: unaomba irejeshwe ndani ya siku 30, kwa sababu ya kutosha. Usifungue kesi mpya juu ya jambo lilelile kabla hujasoma amri ya kufuta ilitolewa chini ya kanuni ipi; nyingine zinakufungia mlango huo.

Kesi yangu iko Baraza la Ardhi, Mahakama ya Mwanzo au CMA.

Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya yana kanuni zake za mwaka 2003. Kanuni ya 11 inakupa siku 30 kuomba amri itenguliwe, na ukikataliwa unakwenda Mahakama Kuu. Mahakama ya Mwanzo na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA, ya migogoro ya kazi) nazo zina kanuni zake na fomu zake. Usipeleke huko maombi yaliyoandikwa chini ya Sura ya 33.

Niko Muscat, nimeshtakiwa Tanga.

Unaweza kumpa wakili kazi ukiwa hukohuko. Kiapo chako apa mbele ya notari au ofisa wa ubalozi mwenye mamlaka hayo. Vielelezo vyako vya nguvu ni pasipoti, kibali cha ukaazi na mkataba wa kazi. Nduguyo aliyepo Tanga anaweza kuapa juu ya yale aliyoyaona yeye tu, kwa mfano kwamba wito uliachwa dukani kwake. Hawezi kuapa kwa niaba yako juu ya yaliyo moyoni mwako.

Na Kenya je?

Huko sheria ni Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010: Agizo la 10 kwa aliyeshindwa kujibu wito au kuleta utetezi, na Agizo la 12 kanuni ya 7 kwa aliyekosa siku ya kusikizwa. Mambo mawili yanaitofautisha na Tanzania. Kwanza, korti za Kenya zinagawa hukumu hizi mafungu mawili. Kama samansi haikufika, hukumu ni batili kiutaratibu na inatenguliwa kama haki yako, bila kuulizwa una utetezi gani. Kama samansi ilifika, korti ina hiari, na inaangalia sana kama rasimu ya utetezi wako ina hoja inayostahili kusikizwa, hata ikiwa si hoja ya ushindi. Ambatanisha rasimu hiyo. Uamuzi unaotajwa kila siku ni Shah dhidi ya Mbogo wa mwaka 1967: hiari hiyo ipo kwa ajili ya aliyepatwa na ajali au kosa linalosameheka, si kwa ajili ya anayechelewesha haki makusudi.

Pili, Agizo la 22 kanuni ya 6 linamtaka aliyeshinda kwa sababu hukujibu akupe notisi ya siku zisizopungua 10 kabla hajatekeleza hukumu. Madalali wakija bila notisi hiyo, mwambie wakili wako aanzie hapo.

Sina hela ya wakili. Naweza kuandika mwenyewe, kwa Kiswahili?

Ndiyo kwa yote mawili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama Tanzania. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Chama cha Wanasheria Tanganyika hutoa msaada kwa wasio na uwezo. Nenda na nakala ya hukumu na ile hati ya kiapo ya mpeleka wito. Bila hizo mbili watakurudisha masjala kwanza.